Mishumaa isiyo na moto kwenye mapambo ya nyumba: maswali mnayouliza kila mara

Haya, maswali yamekuwa mengi na mengine yanajirudia kila wiki, nimeona niyakusanye sehemu moja niyajibu kwa mkupuo. Nikisema mishumaa isiyo na moto naongelea ile ya betri, ndani ina kitaa kidogo cha LED, nje nta au plastiki. Sijapanga kwa mpangilio wowote wa maana, tafuta swali lako usome hapohapo.

Kiukweli inapendeza au inaonekana feki tu?

Inaweza kuonekana feki vibaya mno, na inaweza kupendeza mpaka mgeni akainama kutaka kuupuliza, na mara nyingi tatizo sio mshumaa wenyewe, tatizo ni umeuweka wapi na kuna taa gani nyingine inawaka hapo. Mshumaa wa moto wa kawaida unatoa mwanga wa lumeni 12 hivi (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), na hii midogo ya LED mingi haifiki hata hapo. Sasa wewe unaiwasha chini ya balbu ya dari ya lumeni 800 alafu unalalamika haionekani, utaona nini zaidi ya plastiki? Zima taa ya dari, acha taa moja ya pembeni au usiache kabisa, ndo uanze kuhukumu.

Jambo la pili ni kuficha chanzo. Jicho likiona kile kiulimi cha plastiki cha juu na kile kitako chenye swichi basi mchezo umeisha, ila likiona mwanga tu unaopanda ukutani au unaopita kwenye nta, halihoji. Karibu kila nitakachosema huku chini kinarudi kwenye hilo, ficha kitaa, onyesha mwanga wake.

Rangi gani ya mwanga nichukue? Boksi moja limeandikwa 3000K jingine halijaandikwa kitu

Hiyo K ni kipimo cha rangi ya mwanga, namba ikiwa ndogo mwanga unakuwa wa njano na chungwa, ikiwa kubwa unaenda kwenye weupe wenye ubluu. Moto wa mshumaa upo karibu na 1900K, kwa hiyo ukipata LED ya 1800K mpaka 2200K umepata. 2700K bado inavumilika hasa ndani ya nta nene yenye rangi ya krimu, ile nta yenyewe inaongeza unjano. Kuanzia 4000K kwenda juu usinunue kwa kazi hii, sebule itafanana na chumba cha upasuaji.

Kuna kitu kingine watu hawakiangalii. LED nyeupe ya kawaida ndani yake ni LED ya bluu iliyopakwa unga wa njano, na huo unga ndio unaobadilisha rangi. Lakini kwenye mishumaa mingi midogo ile ya bei ya chini wanaweka LED ya chungwa moja kwa moja bila unga wowote, matokeo yake rangi inakuwa kali, imekolea kama taa ya gari ya kukatia kona, na ukichanganya hiyo na ile ya krimu kwenye trei moja inaonekana umeokoteza. Bora yote iwe ya aina moja, hata kama ni hiyo ya chungwa.

Nta au plastiki?

Kwa ndani na sehemu ambayo mtu anakaa karibu, nta. Mwanga unapita vizuri, hauna mng'ao wa ajabu, na ukiugusa unajua ni mshumaa. Kwa bafuni, nje, dirishani kwenye jua na kwenye chumba cha mtoto mdogo chukua plastiki. Nta inayotumika sana ni ya parafini na hiyo inayeyuka kati ya nyuzi joto 46 na 68 hivi kutegemea aina yake, lakini kulegea na kupinda inaanza mapema kabla ya hapo. Yaani ukiiacha ndani ya gari lililofungwa juani, au kwenye kizingiti cha dirisha linalopigwa na jua mchana kutwa, jioni utakuta imeinama kama inasinzia. LED haina kosa hapo, yenyewe haipashi nta joto la kuiyeyusha, ni jua.

Ile ambayo moto wake unacheza inafanyaje kazi, kuna umeme mwingi ndani?

Hamna, ni betri ileile. Zipo za namna mbili. Ya kwanza LED ina chipu ndogo inayopandisha na kushusha mwanga bila mpangilio, kwa hiyo mwanga unapepesa ila hakuna kinachotembea. Ya pili ina kipande chembamba cha plastiki chenye umbo la ulimi wa moto, kimening'inizwa kwenye waya mwembamba na chini yake kina kisumaku, halafu ndani ya mshumaa kuna koili (waya uliozungushwa) inayokisukumasukuma kile kisumaku, na kitaa kimeelekezwa juu ya plastiki. Ulimi unayumba mwanga unayumba nao. Hii ya pili ndio inayodanganya macho hata ya mtu aliyesimama hatua mbili, ila ni laini, usiitikise, usiilaze ikiwa imewaka, na usiguse ulimi kwa kidole hata kama unatamani sana.

Kwa mbali, kama juu ya kabati, ya kwanza inatosha kabisa. Usilipie ulimi unaoyumba sehemu ambayo hakuna atakayeuona.

Mishumaa yangu yote inapepesa kwa pamoja kama taa za disko, shida nini?

Umeiwasha yote kwa rimoti kwa mbofyo mmoja. Mingi ikiwa ya toleo moja chipu zake zinafuata mfuatano uleule, zikianza pamoja zinaenda pamoja kwa muda. Washa mmoja mmoja kwa kupishana sekunde kadhaa, au kama rimoti ina chaguo la mwanga uliotulia, acha nusu itulie na nusu ipepese. Mimi napenda hiyo ya nusu kwa nusu hata kama hakuna tatizo, maana vitu vyote vikipepesa sehemu moja macho yanachoka.

Nipangeje mezani?

Hapa ndo penyewe, nitachukua muda kidogo.

Anza na mitatu yenye upana mmoja na urefu tofauti. Saizi za kawaida za ile minene ni upana wa sentimita 7.5 na urefu wa 10, 15 na 20, na mara nyingi inauzwa hivyohivyo kwa seti. Usiipange kwenye mstari mrefu-kati-mfupi kama watoto wanaopigwa picha. Weka mrefu nyuma pembeni kidogo, wa kati uukaribie mpaka karibu wagusane, mfupi mbele upande wa pili. Chini weka kitu kinachoifunga iwe kundi moja, trei, kipande cha ubao, sahani kubwa bapa, chochote, maana bila hicho inaonekana kama mtu ameiweka hapo akaenda kufuata kitu kingine akasahau.

Kama ni meza ya kulia watu, kaa kwenye kiti uangalie. Mshumaa ukifika usoni kwa mtu wa upande wa pili ni mrefu mno, watu wataongea huku wamepinda shingo. Na ukiwa umekaa unaona juu ya mshumaa? Kama unaona kitaa chenyewe ndani ya kile kishimo basi ushushe au uutumbukize kwenye glasi ndefu.

Glasi ndefu ndo silaha yangu kubwa. Chukua glasi ya silinda iliyo pana kuliko mshumaa, mimina mchanga mkavu vidole vitatu hivi, simamisha mshumaa uuzungushe taratibu kulia kushoto huku unakandamiza mpaka kile kitako cha plastiki kimezama chote, halafu sawazisha mchanga juu kwa kijiko. Hapo umeua ushahidi. Kokoto ndogo nyeupe nazo zinafaa ila zina mapengo, tumia zile ndogo kabisa. Angalizo tu, swichi ipo chini, kwa hiyo kabla hujauzamisha hakikisha taima, ile ya kuwasha na kuzima yenyewe, imewashwa au una rimoti, la sivyo kila jioni utakuwa unafukua.

Habari ya kwamba lazima idadi iwe witiri, mitatu, mitano, saba, inasaidia kwa anayeanza ila sio sheria. Miwili inayolingana pande mbili za kioo inapendeza tu.

Na kioo je, kweli kinaongeza mwanga?

Kinarudisha mwanga ambao ungeishia ukutani, na kinakupa mishumaa mingine mitatu ya bure kwa macho. Weka mbele ya kioo cha ukutani au juu ya kioo bapa kilicholazwa. Ila angalia kioo kinaonyesha nini kingine! Na kama cha nyuma kinaonyesha mgongo wa mshumaa wenye stika ya kiwanda, itoe hiyo stika.

Dirisha usiku ni kioo pia. Nje kukiwa giza glasi inarudisha picha ya ndani, kwa hiyo mishumaa ya kizingitini inaonekana mara mbili kwako na mara moja kwa anayepita nje.

Sehemu gani naweza kuiweka ambayo ya moto nisingethubutu?

Hili swali nalipenda maana watu wananunua hii alafu wanaipanga palepale walipokuwa wanaweka ile ya moto, faida yote inapotea. Hakuna moto, kwa hiyo haihitaji hewa na haina masizi. Inakaa ndani ya chombo cha glasi chenye mfuniko kabisa. Inakaa katikati ya vitabu kwenye shelfu lenye nafasi ndogo juu yake. Inakaa katikati ya majani makavu, maua makavu, mashada ya nyasi, vitu ambavyo na moto wa kweli ni kuita zimamoto. Inakaa ndani ya mfuko wa karatasi, na huo mfuko ndo unageuka fanusi, toboa vitundu kwa sindano nene kama una uvumilivu, mwanga unatoka kwa nukta nukta ukutani. Karibu na pazia, juu ya kichwa cha kitanda, kwenye ngazi kila kidato kimoja (upande wa ukuta, sio katikati watu wasije wakaukanyaga), ndani ya kabati la vyombo lenye milango ya glasi.

Jiko la kuotea moto ambalo halitumiki, lile tundu lake jeusi, jaza mishumaa ya urefu tofauti humo ndani, mirefu nyuma. Ni sehemu nzuri kuliko zote kwa sababu giza la nyuma linafanya kazi yote.

Chumba cha kulala, itanisumbua usingizi?

Mwanga hafifu wa chungwa unasumbua usingizi kidogo kuliko mweupe wenye ubluu, ndio maana unafaa hata kwa mtoto anayeogopa giza. Ila ule unaopepesa usiuweke usawa wa macho ukiwa umelala, weka chini sakafuni nyuma ya kitu, mwanga upande ukutani.

Naweza kulala ikiwa inawaka?

Kwa ya betri za kawaida ndio, hiyo ni moja ya sababu za kuinunua. Lakini kusema haina moto sio kusema haina hatari yoyote, betri ikiwekwa kinyume au mpya ikichanganywa na ya zamani inaweza kupata joto na kuvuja. Na ile ya kuchaji yenye betri ya lithiamu ichaji ukiwa macho, juu ya kitu kigumu, sio juu ya godoro.

Betri inakaa muda gani? Yangu imekufa baada ya siku chache

Angalia aina ya betri kabla ya kulaumu. Ile midogo inatumia betri bapa ya duara, CR2032, yenye uwezo wa milliampia-saa 220 hivi. Betri ya AAA ya alkalini inafika kama 1000, AA inapita 2000. Kwa hiyo mshumaa unaotumia AA una akiba mara kumi ya ule mdogo, hapo hakuna uchawi. Kama kitaa kinakula milliampia 5, CR2032 itakupa saa kama 40, ukiwasha kwa muda wa saa 6 kila jioni hiyo haifiki hata wiki. Kwa hiyo ile midogo ni ya shughuli ya siku moja mbili, ya kila siku nunua ya AA, hata kama AAA ndo imejaa madukani.

Nunua betri za alkalini, zile nyingine za zinki na kaboni zinaisha haraka. Za kuchaji nazo unaweza kutumia, zina volti 1.2 badala ya 1.5, mwanga utapungua kidogo na kwenye baadhi ya mishumaa ulimi hautayumba vizuri, mingine haitaki kabisa. Jaribu na mmoja kwanza. Badilisha zote kwa wakati mmoja, usiweke mpya moja na kuukuu moja.

Taima inafanyaje kazi?

Ukiiwasha saa fulani, inawaka kwa muda wa saa 6, inazima kwa muda wa saa 18, halafu kesho inawaka yenyewe saa ileile. Mingine ni saa 4 au 5 au 8, ila zikijumlishwa na za kuzima lazima ziwe 24. Hakuna saa ya kusoma humo ndani, inahesabu tu kuanzia ulipobonyeza, kwa hiyo kama unataka iwake saa moja jioni lazima uiwashe saa moja jioni. Ukitoa betri inasahau. Na baada ya wiki kadhaa mmoja utawaka dakika kumi kabla ya mwenzake kwa sababu zile saa za ndani hazikimbii sawasawa, zima yote uanze upya.

Nimefungua boksi, haiwaki kabisa!

Vuta kile kikaratasi cha plastiki kinachochungulia kwenye mfuniko wa betri. Simpo hivyo, nusu ya malalamiko yanaishia hapo. Bado? Geuza betri uone alama za kujumlisha na kutoa, kisha angalia kama swichi ipo kwenye taima badala ya kuwaka.

Rimoti haishiki

Inatumia mwanga wa infraredi, ambao macho hayauoni, lazima ionane na mshumaa, na pokeo lake mara nyingi liko juu karibu na utambi, kwa hiyo kama umeuzamisha kwenye chombo cha udongo haitashika. Swichi ya chini nayo lazima iwe imewashwa. Kujua kama rimoti ni nzima fungua kamera ya simu, elekeza rimoti kwenye kamera ubonyeze, ukiona kanukta ka zambarau kanawaka kwenye skrini basi rimoti ni nzima. Tumia kamera ya mbele, za nyuma kwenye simu nyingi zina kichujio kinachozuia mwanga huo.

Nina mtoto mdogo, ni salama kwake?

Kuungua hataungua. Lakini hapa naomba mnisikilize vizuri, hatari kubwa ya mishumaa hii ni ile betri bapa. CR2032 ina upana wa milimita 20, mtoto akiimeza inaweza kukwama kwenye umio, umeme wake ukikutana na majimaji ya mwili unatengeneza kemikali inayochoma nyama, na madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa 2. Marekani mwaka 2022 ilipitishwa sheria kabisa, Reese's Law, ya kulazimisha vifaa vya betri hizi viwe na mfuniko ambao mtoto hawezi kuufungua. Kwa hiyo nunua wenye mfuniko wa skrubu, wa kufungua kwa bisibisi, au nunua wa AA tu uachane na presha. Ukihisi mtoto amemeza, usimtapishe, usisubiri uone dalili, kimbia hospitali na uwaambie ni betri.

Betri imevuja, nitupe mshumaa?

Sio lazima. Ule unga mweupe wa betri ya alkalini ni besi, yaani kinyume cha asidi, kwa hiyo asidi laini inautuliza. Vaa glavu, toa betri, chovya pamba ya kijiti kwenye siki au maji ya limau, sugua springi na vibati mpaka uache kutoa povu, futa kwa kitambaa kibichi kidogo, acha ikauke kabisa ndo uweke betri mpya. Kama springi imekatika, basi tena.

Nasafishaje nta iliyojaa vumbi na alama za vidole?

Soksi ndefu ya nailoni, ile ya kike ya kuonyesha mguu. Vaa mkononi kama glavu, sugua nta kwa mizunguko, alama zinaondoka na nta inapata mng'ao wake. Kama kuna uchafu umeng'ang'ania weka tone la spiriti kwenye kitambaa, sugua haraka uache. Usiuoshe bombani jamani, maji yanaingia kwenye betri.

Nataka harufu pia

Usimwagie mafuta ya manukato juu ya nta wala kwenye kitaa, inaacha madoa na mafuta yanateremka kwenye waya. Weka kichupa cha vijiti vya harufu nyuma ya kundi, hakuna atakayejua inatoka wapi. Iliyokuja na harufu kutoka kiwandani harufu yake huwa inaisha.

Nje ya nyumba je?

Plastiki, na tafuta maandishi ya IP44 au IPX4, maana yake inavumilia kumwagikiwa na maji kutoka pande zote, sio kuzamishwa. Weka uzito chini, mingi ni miepesi upepo unaipeperusha.

Nichanganye na mishumaa ya moto?

Unaweza, wa moto mmoja mbele unafanya mingine yote iaminike. Ila uwe mbali na ile ya nta isiyo na moto na mbali na hayo majani makavu uliyoyaweka kwa kujiamini. Na mtu asijichanganye akaja na kiberiti kuwasha utambi wa plastiki, imeshatokea kwa watu.

Nikimaliza msimu naihifadhije?

Toa betri zote, hata kama zimebaki nusu. Funga kila mmoja na kitambaa laini au karatasi ya tishu, sio ile plastiki ya mapovu, hiyo inaacha alama za duara kwenye nta. Simamisha, usilaze, weka sehemu isiyo na joto, na sio juu ya kabati chini ya bati. Zile za ulimi unaoyumba rudisha kwenye boksi lake kama bado unalo. Betri bapa zilizokwisha zibandike selotepu pande zote mbili kabla ya kuzitupa sehemu ya kukusanyia betri, zisije zikagusana, na ziwe mbali na mikono ya watoto mpaka siku ya kuzipeleka, maana hata iliyokufa kwa mshumaa bado ina nguvu ya kuunguza koo.